Yaya Chini ya Pazia

Sipendi kuambiwa na mwajiri kwamba mimi ni wa familia. Nimeyasikia maneno hayo Riyadh, nikayasikia tena Jeddah, na kila mara yalisemwa wakati mtu ananyimwa kitu. Hakuna aliyeniita wa familia huku akinipa siku ya kupumzika. Kwa hiyo msomaji akiona hasira katika kurasa hizi, ajue nimeipima kabla ya kuiandika.

Nilikwenda Saudia miaka ile ambapo kila mtaa wa Nakuru ulikuwa na ajenti wa kupeleka wasichana Uarabuni. Mimi sikuwa msichana. Nilikuwa nimepita arobaini, wanangu wameshaanza maisha yao, na niliajiriwa kupika na kusafisha katika nyumba ya ghorofa mbili huko Riyadh. Nilimkuta binti mmoja kutoka Kitale, yaya wa mtoto wa mwisho wa madam, msichana mdogo wa miaka mitatu. Tulilala chumba kimoja kando ya jikoni. Aliniita auntie, nami nikamwita mwanangu.

Mkataba wake ulikuwa umekwisha kabla sijafika. Kwao Kitale alimwacha binti yake akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na sasa bibi yake alikuwa anamtafutia nafasi katika shule ya chekechea. Huyu mwenzangu alitaka kitu kimoja tu: kuwa nyumbani kabla mtoto hajaanza shule, amshike mkono ampeleke mwenyewe. Ili aondoke alihitaji huruji, kibali cha kutoka nchini, na hicho hakitolewi na mtu mwingine isipokuwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini. Kafili wetu alikuwa baba mwenye nyumba. Lakini mambo ya ndani ya nyumba baba alimwachia madam, na madam kila alipoulizwa alisema vilevile: mtoto amekuzoea, subiri kidogo, wewe si mgeni hapa, wewe ni wa familia.

Katika sebule ya wageni wa kike palikuwa na kitabu kikubwa cha picha juu ya meza fupi ya kioo. Kilihusu koo za kifalme za Ulaya, na madam alikinunua London alipokwenda fungate. Kilikuwa kimefunguliwa siku zote mahali pamoja: mtoto wa kifalme wa Urusi, gauni jeupe la lesi, ameketi kwenye kiti kirefu cha kuchongwa. Sikuwahi kumwona mtu akikisoma. Kazi yangu ilikuwa kukifuta vumbi, na Riyadh ni mji wa vumbi, linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nilifuta kila ukurasa. Kisha nilikirudisha palepale kwa yule mtoto wa lesi.

Shule niliiacha mapema. Tangu hapo nimejisomesha kwa utaratibu uleule: naanza mwanzo, siruki, na neno nisilolijua naliacha likae mpaka nilikute tena mahali pengine likiwa limejieleza. Kitabu kile nilikisoma hivyo, kidogo kidogo, kitambaa mkononi.

Nilichokikuta humo kilikuwa ni ukoo mmoja. Malkia mmoja wa Uingereza aliozesha watoto wake huku na huku mpaka wajukuu wake wakakalia viti vya enzi Ulaya nzima. Mfalme wa Denmark naye alikuwa na mabinti: mmoja aliolewa Uingereza, mwingine Urusi, na kila mmoja akazaa mfalme. Watoto hao walipelekwa kwa babu na bibi wakati wa likizo, wakacheza pamoja bustanini, wakapigwa picha. Wavulana wadogo wamevalishwa magauni, halafu wakubwa kidogo wamevalishwa suti za mabaharia, wote namna moja, nywele zimechanwa upande mmoja. Wale wawili, watoto wa dada na dada, walipokuwa watu wazima walifanana hata ndevu.

Nilikuwa namsimulia yaya mambo haya alasiri tukipiga pasi. Alikuwa na ulimi mwepesi.

"Hawa wamefanana hivyo, auntie, ni kama walishonwa na fundi mmoja," alisema siku nilipomwita aje aone picha haraka kabla madam hajashuka. "Na huyu wa masharubu ya kusimama?"

Nilimwambia huyo ni wa Ujerumani, mjukuu wa yule malkia wa Uingereza.

"Na si ndio hao walipigana vita?"

"Ndio hao."

"Walikosania nini? Shamba?"

Nilisema karibu hivyo, ila waliokufa hawakuwa ndugu zao.

Kisha nikamweleza lile lililoniudhi kuliko vita. Mfalme wa Urusi alipoondolewa, serikali ya Uingereza ilikubali kumpokea pamoja na mke na watoto wake. Baadaye ilirudi nyuma, na aliyetaka irudi nyuma ni mfalme wa Uingereza mwenyewe, kwa kuhofia kiti chake. Kitabu kinawaita binamu. Sisi tungewaita ndugu, maana mama zao walinyonya ziwa moja. Hata mke wa yule wa Urusi alikuwa mjukuu wa malkia yuleyule, kwa hiyo mlango ulifungwa mara mbili kwa damu moja. Waliuawa wote, wazazi na watoto, katika chumba cha chini cha nyumba walimofungiwa.

Yaya alilaza pasi kando. "Na huyo wa Uingereza, zile picha za utotoni alizitoa ukutani?"

Nilimwambia kitabu hakisemi.

Ukurasa ulionikasirisha zaidi ulikuwa mbele kidogo. Mtoto mchanga amekaa wima juu ya kiti kilichofunikwa pazia zito. Ukitazama kwa makini, kiti kina mabega. Maelezo chini yake yalisema kwamba zamani kamera ilikuwa ya polepole, na mtoto akitikisika picha inaharibika, kwa hiyo yaya alifunikwa kitambaa akampakata mtoto akiwa ndani. Majina ya mtoto yaliandikwa yote pamoja na vyeo vyake. Mpiga picha aliandikwa. Wa chini ya pazia aliandikwa kuwa hajulikani. Hajulikani na nani? Mtoto yule alimjua kuliko alivyomjua mama yake, ndiyo maana alitulia. Nilifunga kitabu kwa nguvu siku ile, na nilikuwa sijawahi kufanya hivyo.

Shule za watoto wakubwa zilipofungwa, nyumba nzima ilihamia Jeddah kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Kabla ya safari madam alimwambia yaya kuwa huruji itashughulikiwa tukifika Jeddah. Tulipofika akasema baada ya picha. Alikuwa ameamua kumpiga mtoto picha mfano wa ile ya kitabuni, iwe zawadi kwa mama yake. Gauni la lesi lilishonwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, na mimi ndiye niliyetumwa na dereva kulichukua kwa fundi katika kichochoro cha nyumba za mawe ya matumbawe. Kitabu nacho kililetwa kutoka Riyadh, kimefungwa kwa taulo ndani ya sanduku.

Mpiga picha alikuwa mwanamke wa Kilebanoni, mwenye haraka; alikuwa na harusi ya kupiga jioni ileile. Mtoto aliwekwa kwenye kiti akaruka chini. Akawekwa tena, akaruka, akaenda kwa yaya. Walimpa peremende. Walimpa simu. Gauni lilikuwa linamwasha shingoni na alilia mpaka pua ikaanza kuchuruzika. Bibi yake alimwimbia, madam akambusu, akazidi kulia. Yaya alikuwa amesimama mlangoni, ameambiwa asionekane.

Mpiga picha ndiye aliyefungua kurasa za kitabu ili apate mfano mwingine ulio rahisi. Alipofika kwenye pazia lenye mabega alicheka, akamwonyesha madam. Madam naye alicheka. Wakashusha pazia la zambarau la chumba cha wageni, yaya akaketishwa kwenye kiti, mtoto akawekwa magotini mwake, na pazia likamwangukia yule binti toka utosini hadi miguuni. Mtoto alinyamaza palepale. Alishika vidole vya yaya kupitia kitambaa, akatazama kamera.

Nilikuwa nimeshika taa ya mpiga picha. Sikujua macho niyaweke wapi.

Ndipo sauti ikatoka chini ya pazia. "Madam, huruji kwanza."

Waliokuwa chumbani walidhani anatania, na madam akamwambia yalla, yaani haya upesi, atulie. Yaya akarudia kwa sauti ileile, bila kupanda. Kisha akamwinua mtoto taratibu, akamweka sakafuni, akajifunua. Nywele zilikuwa zimemtimka. Mtoto akaanza kulia upya.

Madam alimwambia huruji ni baada ya picha, kama walivyokubaliana. Yaya akasema walikubaliana pia baada ya mkataba, na baada ya Ramadhani, na baada ya kufika Jeddah. Alisema hatakaa chini ya kitambaa mpaka baba abonyeze huruji kwenye simu yake na ujumbe umfikie. Hakutukana.

Madam akanigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima, na alitegemea nimtie akili.

"Mwambie," alisema. "Mwambie hapa yeye ni wa familia. Kuna mtu wa familia anayetufanyia hivi?"

Ningeweza kukaa kimya. Ikama yangu, kile kibali cha kuishi nchini, ilikuwa mikononi mwao kama yake. Lakini nilikuwa nimekifuta kitabu kile muda mrefu mno.

"Madam," nikasema, "kama ni wa familia, mfungulieni mlango aende kwa mtoto wake."

Tangu siku ile, kwa wiki kadhaa, madam alinitumia kwa kunyoosha kidole tu, na mimi nilipika wali uleule kwa chumvi ileile.

Mpiga picha alitazama saa, akasema kwa Kiarabu kwamba yeye ataondoka, na kwamba siku nyingine hana nafasi. Bibi wa mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye kochi, akasema kitu kifupi kwa binti yake. Sikukielewa chote, ila kilikuwa na neno huruji. Madam akatoka. Tulimsikia baba nje ya mlango, maana hakuweza kuingia penye mwanamke asiye wake, akiuliza kuna nini, kisha akiguna, kisha kimya cha mtu anayetafuta miwani. Simu ya yaya ililia mfukoni. Alimpa mpiga picha ausome ujumbe, kwa kuwa ulikuwa wa Kiarabu. Mpiga picha akausoma, akatikisa kichwa kukubali: huruji ya moja kwa moja, si ya kwenda na kurudi.

"Halas," baba alisema kutoka nje, yaani imekwisha, kama mtu aliyelipa bili ya maji.

Miezi yote ile ya kuomba, na kumbe ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Hilo ndilo ninalolikasirikia hadi leo. Hakukuwa na sheria iliyomzuia wala ofisi iliyochelewa. Kulikuwa na mtu amekaa na simu.

Yaya alirudi kitini. Akajifunika mwenyewe. Mtoto akapanda magotini, akatulia, na picha ikapigwa. Ilitoka nzuri, siwezi kusema vingine. Vidole vya yaya vilivyoonekana kwenye kiuno cha mtoto vilifutwa kwa kompyuta kabla haijawekwa fremu.

Siku ya kuondoka madam aliagiza aende wakati mtoto amelala mchana, bila kumwamsha. Yaya alitaka kumuaga. Alikatazwa kwa maelezo kwamba mtoto ataumia. Nilimbebea begi hadi kwa dereva. Hakulia, aliniambia tu nisisahau kwamba mtoto hali tambi zikiwa za moto.

Mtoto alipoamka alimtafuta. Alianza na pazia la zambarau, lililokuwa limerudishwa dirishani. Alilifunua. Akafunua shuka la kitanda, kitambaa cha meza, nguo zilizorundikwa kwenye kikapu cha pasi. Kwa siku nyingi alipita nyumba nzima akifunua kila kilichofunikwa, na sisi watu wazima tulimtazama. Madam alisema mtoto ni mdogo, atasahau. Aliwaambia wageni kwamba yaya alikuwa kama binti yake na hakuwa na shukrani. Mimi nikahamishiwa kulala na mtoto. Nilimpa tambi zilizopoa.

Kitale kulikuwa kumenyesha siku yaya aliponipigia simu. Nilisikia kuku, na mwanamke mwingine, nadhani mama yake, akimbembeleza mtu asogee karibu. Nilimuuliza kama alifika kabla ya shule kufunguliwa. Akasema amefika, shule inafunguliwa Jumatatu, na kwamba binti yake ameingia nyuma ya sketi ya bibi na hataki kutoka.

"Ananiuliza mimi ni nani," alisema. "Nimeketi hapa nje kwenye kigoda. Sijamfuata. Akitaka atakuja."

Nikamuuliza, na asipokuja leo?

"Basi kesho, auntie. Hapa hakuna wa kuniambia yalla."