Maziwa ya Mgema

Pale Utange, ukiuliza ni nani anayegema mnazi mtamu kuliko wote, ile pombe ya utomvu wa minazi, hata mlokole atakuelekeza kwa Gona, kisha ndipo aombe msamaha kwa Mungu. Gona alipanda minazi yake asubuhi na jioni, akashuka na vibuyu, akawapimia wateja kwenye mangwe yake, kibanda cha makuti chenye mabenchi na kelele nyingi. Na kama ilivyo desturi ya Wagiriama, yeye mwenye kuuza ndiye aliyekunywa funda la kwanza mbele ya macho ya wote, ijulikane kwamba hamna sumu wala uchawi wa mtu ndani yake. Baada ya hapo aliketi na kata yake ya kifuu, akinywa polepole mpaka jua linakuwa kali.

Ila ndani ya kata ile hamkuwa na mnazi. Mlikuwa na maziwa ya mbuzi.

Maskini Gona, tumbo lake halikuwahi kupatana na mnazi. Funda la kwanza alilistahimili kwa ajili ya kazi, la pili lilimchoma kifua. Lakini mgema asiyekunywa mnazi, nani atanunua kwake? Basi kila alfajiri alimwendea mbuzi wake, Cindy, akamkamua moja kwa moja ndani ya kata, akaja nayo barazani povu likiwa bado na joto. Weupe ni ule ule, na nani angechungulia? Aliyejua ni mkewe Kafedha peke yake. Maziwa ya chai yeye aliyachemsha mpaka yakafura, na kila siku alimsihi mumewe na ya kwake yapitie jikoni. Gona hakutaka. Maziwa ya kuchemshwa, alisema, ni ya wagonjwa.

Basi akawa mgonjwa.

Maumivu yalianza kiunoni kama uchovu. Ikaja homa ya kwenda na kurudi, likaja jasho la kulowesha godoro, na mgongo ukakataa kutulia hata akiwa amelala. Pale mangweni kila mtu aligeuka daktari. Mmoja alisema Gona ameanguka mtini na anaona haya kusema. Mwingine alisema ni chango, mwingine akamwona jini waziwazi, tena wa kike. Akakandwa kwa maji moto, akasuguliwa mafuta ya nyonyo mpaka akanuka kama taa. Hakupata nafuu. Siku moja alipanda vidato vichache tu, miguu ikamtetemeka, akashuka ameukumbatia mti kama mtu anayeagwa. Hapo aliogopa kwelikweli. Kukaa chini akimtazama mtu mwingine akiigema minazi yake, hilo Gona hakuweza hata kuliwaza.

Aliyempeleka hospitali ni Changawa, rafiki yake na mnywaji mkuu wa mangwe. Alimshika mkono mpaka chumbani kwa daktari, kisha naye akavuta kiti akaketi, kana kwamba mgongo ni wao wote wawili.

Daktari Mwende, mama wa makamo kutoka Machakos, aliwaonyesha picha iliyopigwa na ile mashine kubwa inayonguruma.

"Mzee Gona, hizi ni pingili za uti wa mgongo wako. Kati ya pingili na pingili pana kisahani laini. Hiki cha huku chini kimeliwa, na pingili zilizokibana nazo zimeanza kuliwa. Hukuteguka, mzee. Kuna wadudu wameingia humu."

"Wadudu gani, daktari?"

"Picha inaniambia wapo. Hainiambii ni akina nani. Huenda ni kifua kikuu cha mgongo, huenda ni wengine, na kila mdudu ana dawa yake. Kwa hiyo nijibu vizuri. Unakohoa? Kuna mtu nyumbani mwenye kifua kikuu? Unakunywa maziwa mabichi?"

Gona alilihisi jicho la Changawa shavuni.

"Maziwa? Daktari, mimi ni mgema!"

Changawa alicheka mpaka kiti kikalia. "Huyu, daktari, mnazi anaanza nao alfajiri. Mimi ni shahidi. Sijapata kumwona na kata tupu."

Daktari akaandika, akamtazama Gona kama atazamwavyo mlevi asiyesaidika. Na Gona, mtu ambaye hajawahi kulewa maishani, akajikuta anaona fahari.

Majibu ya kwanza yalirudi mikono mitupu. Kifua kikuu hakikuonekana, na ile damu iliyowekwa maabara ili wadudu waote haikuotesha kitu. Daktari akawaita tena.

"Sasa itabidi tuingize sindano ndefu mgongoni, tuchukue kipande cha pale palipoliwa, tukipime."

"Na msipoona kitu?"

"Nitakupa dawa kwa kukisia. Nikikosea, utameza vidonge vya bure huku wadudu wakiendelea kula. Pingili ikiporomoka itabana mishipa ya miguu, na habari ya kupanda minazi utaisahau."

Gona aliitazama miguu yake.

"Changawa, niendee dukani uniletee maji."

"Maji si haya hapa?"

"Nataka baridi."

Changawa akaigusa chupa. "Ni baridi."

"Haya, kaa basi, usikie aibu yangu. Daktari, mimi nakunywa maziwa. Mabichi, ya mbuzi, kila siku, tangu nianze kugema."

Changawa alimgeukia. "Na ile kata?"

"Maziwa."

"Siku ya harusi ya binti yako Nyevu, ulipocheza mpaka ukaanguka?"

"Maziwa."

"Na siku ile uliyonikumbatia ukalia, ukasema mimi ni ndugu yako wa tumbo moja?"

"Maziwa, Changawa. Nililia nikiwa na akili zangu timamu."

Changawa aligeukia dirishani, akajisumbua na macho yake kwa muda.

Daktari Mwende alikuwa ameshika kalamu upya. "Huyo mbuzi amewahi kuharibu mimba?"

"Cindy? Amewahi, zaidi ya mara moja."

"Mzee, ungeniambia mapema! Kuna ugonjwa wa mifugo unaitwa brusela, unapita kwenye maziwa mabichi, na mgongo ndio nyumba yake. Wadudu wake ni wavivu kuota. Maabara haikujua iwasubiri."

Kipimo cha damu kikamshika mwizi bila sindano ya mgongo. Gona akapewa vidonge vya aina mbili vya kumeza kwa miezi, vingine vikimgeuzia mkojo rangi ya chungwa, jambo alilowaonyesha wageni wasiotaka kuona. Cindy naye alipimwa na daktari wa mifugo, akachukuliwa. Gona alimlilia hadharani.

Changawa aliapa kuitunza siri, akaitunza mpaka ikamkondesha. Lakini asubuhi ile Gona aliporudi mtini, daktari akiwa amemruhusu, mangwe imejaa watu waliokuja kumtazama, alipanda kidato kwa kidato mpaka kileleni, akashika kuti, akavuta pumzi. Miguu ilikuwa imetulia. Furaha ikamzidi, akapiga kelele ambayo nadhani ilifika Mtopanga:

"Mama Nyevu! Maziwa yangu yamechemka?"

Vichwa vyote vikageukia jikoni.

"Yamefura!" Kafedha akajibu kutoka jikoni. "Shuka!"

Aliposhuka, kata ilikuwa juu ya benchi ikitoa mvuke, na wanaume wote wanaitazama. Changawa akainuka, akaichukua, akanywa funda la kwanza mbele ya macho ya wote, akajifuta povu mdomoni.

"Hamna kitu humu," akasema. "Kunywa, ndugu yangu."