Theluji ya Tata Tshiamala

Kila Noeli, Tata Tshiamala, karani na jirani yetu hapa mtaani Musonoi, hupamba mti wa uani kwake kuliko altare ya parokia. Huutundikia taa za rangi na riboni za kumeremeta, kisha huumwagia pamba ya dispensari iwe theluji, kitu ambacho hajawahi kukiona. Halafu hakosi hofu ya wezi, maana kwetu waya wenye shaba ndani haulali nje peke yake.

Mwaka huu alijiona mwenye akili. Jioni ya mkesha alimfunga mbwa wake chini ya mti, na ili awe mkali akamnyima chakula tangu jana yake.

"Tata, ule mbwa iko na njala," mke wake, Mama Charlotte, alimwonya. "Atakula hata mapamba yako."

"Mbwa ya kushiba hailinde kitu," alijibu, akibandika pamba ya mwisho kwa vidole vilivyojaa mafuta ya nyama ya mbuzi.

Tuliporudi kutoka misa ya asubuhi, mbwa alikuwa amelala ubavu, tumbo limevimba kama ngoma, riboni nyekundu ikining'inia mdomoni. Daktari wa mifugo tuliyemwita alimhangaikia mpaka mbwa akatapika theluji yote. Tata Tshiamala alikuwa akiuzunguka mti, akikagua taa.

"Waya iko muzima," alitutangazia kwa furaha.

Mama Charlotte alikuwa amepakata kichwa cha mbwa. Hakuinua macho.

"Waya, uliitafutia mulinzi," alisema. "Mbwa, ulimutafutia nani?"