Pasta na Kilo Zake

Marehemu Ewesit Lowoi wa Ngaremara, Bwana ampumzishe, hakuwahi kupanda ndege hata siku moja. Lakini kwa miaka mitatu hakuna abiria wa shirika dogo la ndege la Isiolo aliyeketi kabla Ewesit hajampima kilo, isije ndege ikalemewa. Shirika lenyewe lilikuwa ndege moja ya viti kumi na viwili, iliyoanza safari baada ya serikali za kaunti kuanzishwa na uwanja wa ndege kufunguliwa. Asubuhi ilipeleka miraa kaskazini, mchana ikapeleka watu Nairobi, na waliolalamikia harufu waliambiwa wamshukuru Mungu kwamba haibebi mbuzi.

Kupima watu ni kazi ya kutukanwa. Kuna waliojishikilia ukutani ili wapungue, na wazee waliokataa kuhesabiwa kilo kama sukari. Ewesit hakujali. Alikuwa broka wa mifugo sokoni miaka ishirini, na aliyezoea kubishania fahali hatishwi na matusi.

Ijumaa moja gunia liliangukia mizani, mizani ikafa. Rubani, Kapteni Kaberia, akakunja mikono.

"Bila mizani siruki."

"Tumia macho yangu, Kapteni. Wewe una sabini na nne, na chapati za leo bado hazijashuka."

Kaberia alikuwa amepimwa na daktari juzi tu. Sabini na nne. Akatoa karatasi, akaanza kuandika.

Ewesit akapitia foleni mtu kwa mtu, mpaka wakabaki wawili na nafasi ya kilo mia moja na thelathini. Mmoja alikuwa Bisharo, mwanamke wa Kulamawe mgonjwa wa figo, ambaye kitanda chake Nairobi kilikuwa kikimngoja siku hiyohiyo. Arobaini na tano, pamoja na buibui. Wa pili alikuwa Pasta Ntongai, mchungaji wa Ewesit mwenyewe, ambaye Jumapili hiyo angemweka wakfu kuwa mzee wa kanisa. Ewesit alikuwa ameingoja siku hiyo miaka tisa.

"Andika themanini, mzee wetu mtarajiwa," Pasta akasema huku akitabasamu.

Kwa themanini, wote wangepanda. Kwa ukweli, mmoja angebaki, na sheria ya shirika ilikuwa mgonjwa hashushwi. Ewesit akamzunguka Pasta polepole kama yuko sokoni. Ilibaki kidogo amshike nundu.

"Mia moja na kumi na moja."

"Ewesit! Unanipima kama fahali?"

"Fahali hajawahi kunidanganya, Pasta."

Foleni ikaangua kicheko. Pasta akamsogelea, akanong'ona, "Jumapili ni keshokutwa. Angalia tena."

Ewesit akamtazama Bisharo, aliyekuwa ameketi chini ameegemea mzigo wake.

"Nimeangalia tena. Mia moja na kumi na moja, bila viatu."

Bisharo akapanda ndege. Pasta akarudi mjini kwa boda boda, na ile pikipiki ililalamika njia nzima.

Jumapili majina ya wazee wapya yakasomwa. La Ewesit halikuwemo. Walipofika nyumbani, mkewe Lorna akamuuliza, "Si ungesema themanini tu, Baba Apua?"

"Ningesema themanini, leo mngekuwa mnazika ndege nzima. Na pasta wa kuhubiri hayupo."

Lorna akacheka, kisha akalia, kwa maana alikuwa amemnunulia koti jipya la sherehe. Ewesit alilivaa hivyo hivyo Jumapili iliyofuata, na zote baada yake, benchi la nyuma, akiimba vibaya kwa sauti kubwa, mpaka Bwana alipomchukua Machi iliyopita. Amezikwa nalo.