Kazi Yangu, Jina Lake

Wanawake wenzangu huona wivu wa wanaume. Mimi wa kwangu niliumalizia kwenye kompyuta, Geita, miaka ile ya mwisho ya tisini, na hadi leo nikimkumbuka yule dada niliyefanya naye kazi natamani kumrushia kandambili.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, mtoto mchanga, na kibarua katika ofisi ya watu waliokuwa wakichoronga ardhi kutafuta dhahabu. Mimi na yule dada tuliingiza matokeo ya sampuli: shimo gani, kina gani, maabara imesema nini. Tuliandika kwenye kurasa zilizotoka kwenye seva, kompyuta iliyofungiwa chumba cha nyuma na kupepewa na feni kuliko mkuu wa ofisi mwenyewe. Tulichoandika kiligeuka faili ndani ya seva, na wanajiolojia walilifungua wakiwa mezani kwao.

Siku yangu ya kwanza nilipewa jina langu la kuingilia na neno langu la siri. Nikaingia, nikaandika asubuhi nzima, nikaenda nyumbani Kalangalala kunyonyesha. Kurudi, nimekuta ofisi imenuna. Mwanajiolojia kafungua kazi yangu, skrini imemwambia hana ruhusa. Dada kataka kusahihisha tarakimu, kakataliwa vilevile. Kumbe seva ilipangwa hivyo tangu mwanzo: kila faili jipya likizaliwa ni la aliyeliandika peke yake, wengine hata kuchungulia hawawezi.

"Hukuambiwa?" dada akaniuliza. "Hapa wote tunaingia kwa jina langu."

Wote kweli, hadi wanajiolojia na digrii zao. Badala ya kumwita fundi arekebishe, mkuu wa ofisi, mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe wengi huko Shinyanga, aliamua kama wanavyoamua nyumbani kwake. Kwetu mke wa kwanza ndiye mwenye ghala. Ukija wa pili, unalima, unavuna, unabeba kichwani, halafu jioni unamwendea na ungo kuomba mtama uliolima mwenyewe. Dada alikuwa ametangulia kuajiriwa, basi ghala lake.

"Kwa sasa tumieni la dada," mzee akasema. Hiyo "kwa sasa" ilikaa hadi mwanangu akaota meno.

Kila asubuhi dada aliinama juu ya kibodi yangu, akafunika vidole kwa upande wa khanga, akaandika neno lake la siri, kisha akanisogezea kiti. "Haya mdogo wangu, kaa." Dereva wa ofisi alikuwa hakosi mlangoni.

"Bi mdogo, umeshapiga goti kwa bi mkubwa?"

"Kapige wewe, hata leseni yako umeazima."

Nilicheka nao, lakini ndani nilikuwa nachemka. Alikuwa na vidole vyepesi, sikatai. Alikuwa na saa ya mkononi, viatu vya kisigino visivyoogopa vumbi la Geita, na hakuna aliyemlilia nyumbani saa sita. Mimi blauzi ililowa maziwa nikiandika mashimo yake. Mashimo yangu! Niliyaandika mimi.

Ndipo ikaja habari kwamba kibarua kimoja kitageuzwa ajira ya kudumu. Mmoja wetu, si wote. Mzee aliniita, dada akiwa amesimama pembeni, akafungua orodha ya mafaili akashusha miwani.

"Mayu, mama yangu, hapa naona jina la huyu tu. Kazi yako iko wapi?"

"Ni hiyo hiyo, mzee. Si ulituambia tuingie kwa jina lake?"

"Nilisema kwa sasa."

Nikamgeukia dada. Nilitaka aseme neno moja tu. Akatazama kucha zake.

"Tulisaidiana, mzee."

Tulisaidiana! Kama vile nilikuwa nikimshikia mkoba. Nikaropoka mbele ya mzee, na sijuti: "Mzee, alipokwenda msibani Kahama akatuachia kompyuta zimefunguliwa kwa jina lake, nani aliandika? Marehemu?" Dereva alikohoa nje ya dirisha. Mzee akaona ugomvi unaelekea kuwa wa nywele, akasema ataamua mwisho wa mwezi ujao, kila mtu kwa jina lake, na fundi aitwe kutoka Mwanza.

Fundi alikuja na kikoba cha diski. Nilijipa kazi ya kumpelekea chai ili nione. Alituweka mimi, dada na wanajiolojia katika kundi moja, na programu ya kurasa nayo akaiingiza humo. Kisha akatafuta mstari unaoamua faili jipya lizaliwe na ruhusa gani. Ulikuwa na sifuri, saba, saba. Akaufanya sifuri, sifuri, saba.

"Hiyo saba ya katikati ilikuwa inawanyima wenzako," akasema. "Sasa mwenyewe na kundi mnasoma na kuandika. Asiye wa kundi, nje."

"Na yale ya zamani?"

"Huu ni utaratibu wa yatakayozaliwa, dada yangu. Yaliyokwisha kuzaliwa yanabaki na ruhusa zake na mwenyewe wake."

"Si uyabadilishe jina?"

"Naweza. Lakini yapi? Mkae mkubaliane."

Tukakaa. Dada akayapitia taratibu. Hili lake, hili lake, hili pia lake. Akifika penye makosa, anasita. "Hili nadhani ni lako." Nikaondoka mezani kabla sijamzaba kibao.

Basi nikabaki na mwezi mmoja. Niliingia kwa jina langu, nikaandika, nikaenda kunyonyesha, na wanajiolojia wakasoma bila kununa. Lakini niligundua kwamba dada naye anaingia kwenye mafaili yangu, anasahihisha, anatoka. Damu ikanipanda. Nilipigania mlango ufunguliwe, sasa nikautaka ufungwe, usoni kwake tu. Kisha nikakumbuka kwamba na mimi naingia kwake. Nikaingia. Nikakuta kina cha shimo kimepinduliwa tarakimu. Ningerekebisha, faili lingebaki jina lake, na sifa zake.

"Dada!" nikapaza sauti hadi kwa mzee. "Shimo lako la jana umelichimba hadi Uganda. Njoo uone."

"Sahihisha tu, mdogo wangu."

"Aka! Njoo mwenyewe. Jina ni lako."

Akaja, visigino vikigonga sakafu, akasahihisha amesimama. Mzee aliona.

Mwisho wa mwezi nikaitwa mimi. Ajira ya kudumu, tena mzee alinipa mkono. Nilitoka nje nimevimba kwa furaha, namtafuta dada nimwone uso. Nikamkuta anafungasha kikombe chake. Yale mafaili yote ya zamani yenye jina lake yalikuwa yamesomwa Mwanza, na Mwanza walimtaka ofisi kuu, kwenye chumba chenye kiyoyozi.

"Hongera, mdogo wangu," akaniambia.

Nusu ya Mwanza yake niliiandika mimi.