Mchi Kizingitini

Kila nikifunga kufuli, kiganja hubaki kikinuka chuma, nami nakumbuka ule mstari wa nyumba mpya karibu na ziwa, tulikohamishiwa wakati wa vijiji vya ujamaa.

Kule tulikotoka hakukuwa na kufuli. Mama akitoka alilaza mchi wa kinu kizingitini; aliyeuona alijua wenyewe hawapo, akageuka. Katika kijiji kipya nako akaulaza mchi vilevile, ingawa majirani hatukuwa tumewazoea, na dagaa wa usipa walishaanza kupotea kwenye vichanja.

Mchana mmoja tulirudi kutoka kuteka maji. Mchi ulikuwepo palepale, ila ncha iliyochakaa ilikuwa imegeukia upande mwingine. Mama aliingia akapekua chungu kwa chungu, mpaka chini ya mkeka. Hakikupotea kitu.

"Basi si vizuri, mama?" nikauliza.

"Afadhali angeiba," alisema kwa sauti ya chini. "Tungejua alichotaka."

Mama wa nyumba ya pili akachungulia mlangoni, akitabasamu kama siku zote.

"Mmerudi, dada?"

"Tumerudi, dada," mama akaitikia, na macho yake yalikuwa kwenye mikono ya yule mama.