Mizimu Niliyowasomea Saluni

Nimechoka kusikia kwamba vijana wanapenda hadithi za mizimu kwa sababu wanapenda kuogopa. Juzi niliambiwa hivyo tena, na mwalimu wa sekondari aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu hapa Kamembe, nikimsuka. Alilalamika kwamba wanafunzi wake wa kike hawashiki kitabu cha maana. Wanachosoma ni maiti wanaotoka makaburini na wavulana wasiozeeka, tena kwenye simu. "Batoto ba leo banapenda kuogopeshwa tu," akasema, akacheka. Kichwa chake kilikuwa nusu, kitana kiko mkononi mwangu, mteja ni mteja. Nikaendelea kusuka. Lakini yale maneno yalinikera wiki nzima, maana mimi ninajua wasichana wanatafuta nini katika vitabu hivyo, na nilijifunza mwaka ule ule nilipoikosa shule.

Mimi ni wa ng'ambo, Bukavu, upande wa Kongo. Baba alipofariki, mama alibaki na biashara ya kuvusha unga na nyanya mpakani kila siku, na ada ya shule ikamshinda. Shangazi yangu, dada ya baba, alikuwa ameolewa Kamembe na mfanyabiashara Mwislamu, akasilimu, akafungua saluni karibu na soko. Ndiye aliyesema nije kwake. Mpango ulisemwa mbele ya ndugu wote wa baba: nitamsaidia saluni wakati wa likizo, na shule zikifunguliwa mwezi wa tisa ataniandikisha hapa hapa Kamembe, niendelee pale nilipoishia. Mama alikubali. Mjane atampinga vipi dada ya marehemu? Na mimi mwenyewe nilifurahi mno, kwa sababu sikutaka kitu kingine duniani ila kurudi darasani.

Sasa, upande huu wa Rwanda mwanafunzi hafugi nywele. Likizoni wasichana wanasuka wanavyotaka, wanaongeza meshi, nywele za bandia, mpaka kiunoni. Shule zikikaribia wanarudi saluni kufumua, halafu mashine inapita, kichwa kinabaki kama cha mtoto mchanga. Wengine walikuwa wanalia wakinyolewa. Mimi niliwaonea wivu hata kwa machozi yao. Shangazi alikuwa amenisuka meshi ndefu za rangi ya divai ili wateja waone kazi ya mkono wake, na kila nilipopita mbele ya kioo nilijiwazia nikiwa na upara na shati la sare. Nilipendeza sana katika mawazo hayo.

Kusoma kulianza kwa bahati tu. Shangazi alipita kwa wauzaji wa vitu vya chaguwa, vile vilivyokwisha kutumiwa Ulaya, akaona kitabu kimoja kinene chenye picha ya msichana mweupe amesimama mlangoni, na nje ya mlango ziwa jeusi. Alikinunua kwa sababu ya jalada. Kilikuwa cha Kifaransa, na yeye Kifaransa alikijua cha salamu na cha kupatana bei. Wasichana waliokuja saluni walikuwa wamefundishwa kwa Kiingereza. Mimi peke yangu nilitoka shule za Bukavu, zinazofundisha kwa Kifaransa. Siku moja mteja alikifunguafungua, akauliza kinasema nini, nikasoma ukurasa wa kwanza na kuugeuza papo hapo katika Kiswahili chetu. Mikono yote ikasimama.

Kusuka meshi kunakula karibu siku nzima, na mtu aliyekaa hapo hana pa kukimbilia. Tangu siku ile shangazi akaniondoa kwenye kuosha vichwa na kufagia nywele. Aliniwekea kigoda katikati ya viti, akawa ananiita mwalimu wangu. "Weye soma tu," alikuwa akisema. "Ile kazi ingine batafanya bengine." Wateja walikaa foleni wakati saluni ya jirani iko tupu. Mwenye nywele zisizohitaji kusukwa alikuja kutengeneza kucha, ili tu asipitwe.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kijana anazama ziwani, nchi ya baridi. Jua likishuka anarudi kwenye nyumba ya msichana aliyempenda, nguo zinachuruzika maji, anasimama nje ya mlango. Hawezi kuingia mpaka akaribishwe. Msichana anamwona, anawaambia wa kwao, nao wanasema amechanganyikiwa. Wanamleta daktari, wanamleta padri, wanamfungia chumbani. Kitabu kilisema ziwa liliganda, watu wakatembea juu yake. Nilipofika hapo wote wakanikatalia, wakasema ninaongeza chumvi. Basi nikalifanya liwe Kivu, ziwa letu, na kijana nikampa mtumbwi, tukaelewana. Kwa neno lile la Kifaransa la mfu anayerudi nikatumia muzimu, maana hilo linaeleweka kwa Kiswahili chetu na kwa Kinyarwanda pia.

Mwalimu wa juzi angekuwepo, angeona kwamba hakuna aliyeogopa. Hata mmoja. Nilipofika pale muzimu anaposimama mlangoni na kuuliza, "Naweza kuingia?" saluni nzima ilishusha pumzi. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameolewa majuzi, bado mdogo, hina haijamtoka viganjani, akasema taratibu, "Wangu hajaulizaka hata siku moja." Wakacheka. Halafu hakuna aliyeendelea kucheka, nami nikasoma tena sehemu ile kwa sababu aliniomba.

Hicho ndicho kitu cha kwanza. Muzimu wa kitabuni ana adabu. Ana sheria zake na anazifuata. Ukimwambia baki nje, anabaki nje. Msichana wa miaka kumi na sita hapa mjini anakutana na nani wa namna hiyo? Anakutana na mjomba anayeingia chumbani bila hodi, na mwanaume wa dukani anayemshika mkono akirudisha chenji. Usiniambie habari za kuogopa. Tumeogopa vya kutosha na hatukuhitaji kitabu.

Kitu cha pili ndicho kikubwa zaidi. Katika hadithi hizi, na baadaye nilisoma nyingi, kuna msichana anayesema kweli na wakubwa wote wanasema ni wazimu. Mwisho inaonekana alikuwa anasema kweli. Basi. Msichana yeyote atavumilia kurasa mia tatu za makaburi na popo ili afike hapo. Wateja wetu hawakumchukia muzimu, walimchukia mama wa yule msichana. Walimtukana kana kwamba anaweza kuwasikia. Zaidi kuliko wote, binti wa muuza vitenge, aliyekuwa na umri wangu na alikuwa anakuja karibu kila siku, alimchukia mdogo wa yule msichana. Huyo mdogo alikuwa ameyaona maji sakafuni, ameona hata nyayo, akanyamaza kwa kumwogopa mama yake. "Huyo njo mubaya kupita bote," binti akasema, akageuka mpaka shangazi akamrudisha kichwa. "Aliona kabisa. Juu ya nini hasemi?" Nikampenda kwa maneno hayo. Niliona nimepata rafiki, na kwamba tutaanza shule pamoja.

Mwezi wa tisa ulipokaribia nikamuuliza shangazi habari za kuandikishwa. Akasema tutaenda kesho. Kesho yake akasema mkuu wa shule amesafiri. Nikauliza tena, akasema nisiwe na haraka, kwanza tumalize kitabu, watu watasema nini tukikiacha katikati? Alisema hivyo akinipangusa shavu, kwa sauti tamu kabisa. Sikumshuku. Tangu nizaliwe nilikuwa nimeambiwa shangazi ni baba mwenye gauni.

Wiki ya kufungua, saluni ilijaa wanafunzi waliokuja kufumua na kunyolewa. Sura ya mwisho ilikuwa imebaki, na shangazi alitaka isomwe siku hiyo wakati wote wapo. Kabla sijafungua mdomo, mama akaingia. Alikuwa amevuka kutoka Bukavu asubuhi, begani ana mfuko, ndani yake kalamu na kandambili mpya za kuogea. Alikuja kuniona nikianza shule. Alinitazama meshi zangu ndefu, akatazama vichwa vilivyonyolewa, akauliza mimi nitanyolewa lini.

Shangazi akaweka mashine chini. Akamvuta mama kando, lakini kando ya saluni ile ni hatua mbili, sote tulisikia. "Maman, kichwa ya huyu mutoto haiko muzuri," akasema. "Anasomaka bitabu bya mizimu tangu asubuyi mpaka mangaribi. Anaongea na batu balikufa. Miye mwenyewe namuogopa. Ukimutia ku masomo sasa, ataharibika kabisa. Mwache abakie hapa, nimuangalie." Akachukua kitabu kwenye kigoda changu, akamwonyesha lile jalada. Mama ni mtu wa chumba cha maombi, wale wanaokemea pepo. Hakukigusa hata kukigusa.

"Maman, kitabu ni yake," nikasema. "Njo yeye alinunua. Njo yeye ananiambia nisome. Uliza hawa bote."

"Miye?" shangazi akasema, na akatabasamu kwa huruma, na hilo ndilo lililoniua. "Kitabu ya Kifaransa, miye nitaifanyia nini? Sijui hata kusoma Kifaransa."

Mama akawageukia wateja. Kweli aliuliza, siwezi kusema hakuuliza. "Banangu, ni kweli anasomaka kwa kuambiwa?" Walikuwa wamejaa, viti vyote na benchi. Kila mmoja wao alikuwa amekaa pale siku nyingi, amelia pale, ameomba nirudie ukurasa. Binti wa muuza vitenge alikuwa ndiye yuko chini ya mashine, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Nilimtazama yeye. Aliinama akaanza kuokota nywele zake mapajani, moja moja, kama kwamba ndiyo kazi aliyoijia. Mwenye hina akapuliza kucha zake. Walimwogopa shangazi, na zaidi walitaka wanyolewe waende zao. Leo ninaelewa hivyo. Kuelewa hakujanipunguzia chochote, bado wananichukiza.

Mama akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaomba kwa jina la Yesu pepo la vitabu linitoke. Shangazi, na ushungi wake kichwani, akaitikia amina. Wale wawili hawakuwa wamewahi kukubaliana juu ya jambo lolote la dini. Mama alipomaliza alikuwa anatokwa machozi. Aliniambia nimtii tantine, ndivyo alivyomwita shangazi, mwaka ujao tutaona, na kwamba lazima avuke kabla msongamano haujawa mkubwa mpakani. Zile kalamu akampa shangazi anitunzie. Alitoka akipita katikati ya nywele zilizozagaa sakafuni, akinyanyua kitenge kisizichukue.

Sikulia. Ningelia, wangesema ni hilo pepo. Nilisimama pale na meshi zangu za divai, nikaona wazi kwamba mwaka ujao hautakuja. Na kweli haukuja. Shangazi akawasha mashine, akamaliza ile nusu iliyobaki ya kichwa cha binti, akampaka mafuta. Kisha, ninaapa mbele ya Mungu, akakipangusa kitabu kwa upindo wa kanga, akaniletea. "Haya, mwalimu wangu," akasema. "Tulifikaka fasi gani?"

Hakuna aliyeondoka. Hata walionyolewa tayari walibaki. Walijisogeza, wakapisha kigoda changu, wakaniinulia nyuso zao zote, wakingoja.

Nikafungua sura ya mwisho. Niliipitisha machoni kwanza, kimya, kama nilivyozoea kabla ya kugeuza. Jua linashuka. Msichana anavunja kufuli la chumba, anakimbia mpaka mlangoni, anasema karibu. Kijana anaingia. Maji yanakatika kwenye nguo zake. Mama anamwona kwa macho yake mwenyewe, anapiga magoti mbele ya binti yake na kumwomba msamaha, na mdogo wake anakiri mbele ya watu wote kwamba aliona tangu mwanzo. Ni sura nzuri. Nimeisoma mara nyingi tangu siku ile, peke yangu.

Nikainua kichwa nikawasomea. Nikasema jua lilishuka, na kijana hakuja. Nikasema msichana alivunja kufuli, akafika mlangoni, akasema karibu, karibu, mpaka sauti ikamkauka, na nje kulikuwa na ziwa tu. Nikasema mama yake alimrudisha chumbani kwa upole, akamfungia kwa kufuli jipya. Mdogo wake aliolewa, akahama, hakusema. Msichana akazeeka humo humo chumbani. Nikafunga kitabu.

Mwenye hina alikuwa analia waziwazi. Shangazi alijifuta macho kwa ushungi, mara ya kwanza nikimwona analia kweli. Binti wa muuza vitenge, kichwa chake kinang'aa, tayari kwa shule, aliniuliza kwa sauti ndogo, "Hapana. Njo bile kinaishiaka?"

Nikamwambia ndivyo kilivyoandikwa, na wote wakaniamini.