Beberu Asiyefaa Dhabihu

Kila Idi ya kuchinja ikikaribia, mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kule Kinanira, na nyama inanishinda kumeza.

Mama yangu alifuga mbuzi nyuma ya nyumba. Mbuzi wale, wallahi, walizaa mapacha tu! Kila mtoto wa Mama aliyeoa au kuolewa alipewa jike mmoja. Mama alipoanza kuumwa miguu akaniachia zizi, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini, mpenda sifa kupindukia. Kila Idi nilichinja beberu mzuri kuliko wote, watu watoke hata mtaa wa Bwiza waje kumwona. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwaka wa tatu Mzee Rajabu, mchinjaji wetu, aliniuliza kisu kikiwa mkononi: "Huyu ameshapanda majike?"

"Apana, mzee. Bado kijana."

"Sasa ule atabaki na majike ni gani?"

Nikamwonyesha. Beberu mdogo, taya limepinda. Mwenye kilema hafai dhabihu, basi kila mwaka ndiye aliyepona.

"We mutoto, Mungu anaomba kizuri, lakini hakukataza kizae kwanza. Unachinja mbegu, unafuga kilema."

Nikacheka. Eti mchinjaji anifundishe ufugaji!

Miaka ikapita. Yule kilema akapanda majike, kisha akapanda binti zake mwenyewe. Mapacha wakakoma. Wakazaliwa vitoto vya midomo iliyopinda, haviwezi kunyonya, navizika kimya kimya nyuma ya zizi. Mama akiuliza kutoka ndani, namwambia wote wazima.

Asubuhi ile ninayoikumbuka, mdogo wangu Zawadi alikuwa anaolewa. Mama, macho yake yameshaingia ukungu, akasema, "Niletee jike ya Zawadi, nimushike." Majike waliobaki walikuwa wazee, sikuwa na mwingine wa kutoa ila kitoto kilichozaliwa jana yake. Nikakiweka mapajani mwake. Vidole vyake vikapapasa kichwa, vikafika tayani, vikasimama.

"Huyu si wa kwangu," akasema. "Umewafanya nini?"

Zawadi aliondoka mikono mitupu, na Mama hakuniuliza tena habari za zizi mpaka tulipomzika.

Mwanangu, unachokifuga na unachokipanda hufuata mkono wako. Unachokimaliza leo hakitazaa kesho, na unachokibakisha ndicho watakachorithi wajukuu. Kizuri kizae kwanza, ndipo ukichinje. Na mzee akikuonya, usicheke kama mimi. Majuto yangu nimezeeka nayo. Mungu aibariki mikono yako, na mama yako asipapase kamwe kitu kama kile nilichomwekea mama yangu mapajani.